Mtoto akija na jero yake: kwa wauza sarafu kuukuu wa Dodoma

Dodoma hatuna duka linaloishi kwa kuuza sarafu kuukuu peke yake. Sarafu ziko kwenye kabati la sonara, kwenye maduka ya vinyago, au kwenye meza za vikorokoro sokoni, zimechanganyika na funguo na saa mbovu. Mteja anayengojewa ni mgeni mwenye dola. Akitokea mwanafunzi wa darasa la sita, kashika jero, huambiwa "dogo, usiguse, utaharibu", kana kwamba shaba iliyopita vita viwili vya dunia itaharibiwa na kidole cha mtoto. Au anauziwa kitu cha buku moja kwa elfu kumi, kwa sababu hajui.

Yote mawili ni biashara mbaya. Mgeni mwenye dola ananunua mara moja, anapanda ndege. Mtoto wa Chang'ombe au Kikuyu hapa mjini atarudi kila akipata hela ya sikukuu, na nyumbani kwao huenda kuna bibi mwenye kopo la rupia, zile sarafu za fedha za enzi za Mjerumani, chini ya kitanda.

Anza na kisanduku cha jero na buku. Tia humo sarafu zetu wenyewe zilizotoka kwenye mzunguko: senti 5 ya pembe 12 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura, zote za mwaka 1966 na kuendelea, kisha senti 10 ya pundamilia iliyokuja 1977. Ongeza shilingi 20 ya ndovu. Ziada ya senti zenye tundu za East Africa, yaani za enzi za Mwingereza, nazo ziingie humo, kwa sababu bado zipo nyingi. Mtoto atamalizia seti kwa sarafu za mfukoni: 50 ya kifaru, 100 ya swala, 200 ya simba, na hiyohiyo jero ya nyati iliyotoka 2014. Kwa hela ya chipsi anaondoka na wanyama sita saba, na kila aina anayokosa ni sababu ya kurudi.

Mwache atazame. Tandika taulo dogo mezani ili sarafu ikianguka isigonge kioo, mpe lenzi ya kukuza mara 10, mtolee sarafu mojamoja. Mwonyeshe kushika kwa ukingo, kidole gumba na cha shahada, bila kugusa uso. Akinunua, andika juu ya bahasha nyeupe ya karatasi vitu vinne: nchi, thamani, mwaka, na herufi ya kiwanda kama ipo. Kwenye heller, yaani sarafu ndogo za Mjerumani, utakuta A ya Berlin au J ya Hamburg. Kwenye senti za Mwingereza tafuta H au KN. Herufi hizo ndizo zinazomfanya mtoto anunue heller ya pili ya mwaka uleule, kwa hiyo hata mwenye tamaa ana sababu ya kuzieleza.

Sasa shilingi ya simba ya East Africa, ambayo ndiyo wateja wadogo huumizwa nayo zaidi. Muuzaji anasema "hii ni fedha tupu". Si kweli hata kidogo. Shilingi ya East Africa ya 1921 hadi 1946 ina robo tu ya madini ya fedha. Kwa uzito wa gramu 7.8 hivi, fedha iliyomo haifiki gramu 2. Ile ya 1948 hadi 1952 haina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Simba ni yuleyule na milima nyuma yake ni ileile. Sumaku haitakusaidia, maana haivuti yoyote kati ya hizo mbili, na mizani ndogo ya sonara haitakuonyesha tofauti ya maana. Soma mwaka, na kama umefutika, soma maandishi yanayozunguka kichwa cha mfalme George VI wa Uingereza. Yenye fedha ina IND: IMP:, cheo chake cha mfalme wa India. India ilipojitawala 1947 cheo kikafutwa, na kwenye shilingi ya 1948 unasoma GEORGIVS SEXTVS REX tu. Mwonyeshe mtoto hilo kwa lenzi. Ukimuuzia ya 1952 kwa bei ya fedha, ataligundua siku akipata simu yenye intaneti, na darasa zima litajua.

Senti 10 ya 1936 nayo ina porojo zake. Ipo iliyoandikwa jina la mfalme Edward VIII, aliyeachia kiti Desemba mwaka huohuo, basi watu wanadhani ni hazina. Huko Uingereza sarafu zake hazikuingia sokoni, lakini za kwetu zilitengenezwa kwa wingi. Mahali pake ni kisanduku cha buku.

Kusafisha: acheni. Ndimu, jivu, mchanga na dawa ya kung'arishia shaba vinaondoa ile rangi ya kahawia iliyojengeka miaka mingi, shaba inabaki ya waridi kama imechunwa ngozi, na mnunuzi anayejua hushusha bei. Sarafu yenye udongo iloweke kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa, usiku mzima ikibidi, kisha ikandamize kwa kitambaa cha pamba bila kusugua. Vumbi la Dodoma ni mchanga mwembamba, ukifuta kwa nguvu linachora. Ukame wetu kwa upande mwingine ni neema, kutu haikimbii kama Tanga. Adui mkubwa hapa ni vifuko laini vya plastiki. Kwenye duka la bati, joto la Oktoba na Novemba hufanya plastiki hiyo itoe asidi, sarafu inapata ute wa kijani unaonata. Anayeuza sarafu ndani ya kifuko hicho amwambie mtoto aitoe siku hiyohiyo.

Tundu nalo lielezwe. Heller 5 ya 1913 na senti 1, 5 na 10 za Mwingereza zilitoka kiwandani zimetobolewa. Rupia yenye tundu ilitobolewa na mtu aliyetaka mkufu, na bei yake imeshuka.

Mtoto akija kuuza badala ya kununua, hapo ndipo uaminifu unapopimwa. Usinunue papo hapo. Mkataba na aliye chini ya miaka 18 haushiki, na huenda sarafu imetoka kwenye sanduku la bibi bila bibi kujua. Mwambie aje na mzazi, mrudishie sarafu yake mkononi, na umtajie bei uliyo tayari kutoa ili mzazi aisikie ileile. Rupia halali ina gramu 11.66 na upana wa milimita 30 na ushee. Ikipungua sana, au ukiona vitobo vya mapovu na mshono ukingoni, imemiminwa kwenye kalibu. Ila msiharakishe kuita feki. Heller 20 za Tabora za 1916, zenye herufi T, zilitengenezwa vitani kwa shaba na vipande vya maganda ya risasi, zikatoka zimepinda na maandishi hafifu. Mtoto kutoka Manyoni au Itigi anaweza kuja nayo, akaambiwa "hii bati tu", akapewa mia tano, na muuzaji akaiuza kwa mgeni jioni.

Wakija watu wazima nyuma ya mtoto wakiulizia rupia inayovuta mchele au yenye zebaki ndani, ule utapeli wa siku zote, wakionyesha simu yenye ahadi za mamilioni, chukua rupia yako, weka punje za mchele kando yake mezani, na waache watazame hadi wachoke. Mtoto abaki hapo aone.