Kaladi, kwa mama yake Shankara

Nilimpeleka mama Kochi kule Kerala, kusini mwa India, kwa matibabu ya moyo, na siku ya tisa baada ya upasuaji daktari aliposema anaendelea vizuri mama mwenyewe ndo akanifukuza, nenda katembee mwanangu, umekaa hapo unanihesabia pumzi tu. Basi nikapanda basi mpaka Kaladi, siyo mbali na uwanja wa ndege.

Kaladi ndo alikozaliwa Adi Shankara, mwanafalsafa wa Kihindu wa karne ya 8 hivi. Kuna mnara wake wa ghorofa nane, unapanda unazunguka huku ukutani wamechonga maisha yake, nikaupita haraka. Mimi nilitaka mto.

Mto Periyar pale ni mpana na umetulia, ngazi za mawe zinashuka mpaka majini, na ya mwisho ina utelezi wa kijani. Wanasimulia baba yake alifariki mapema, mtoto akawa anataka utawa na mama, Aryamba, hataki kusikia, ana huyo huyo mmoja. Siku moja anaoga mamba akamkamata mguu, mtoto akapiga kelele mama niruhusu niwe mtawa kabla sijafa, mama wa watu afanyeje, akakubali, na mamba akaachia. Ila alimuahidi mama yake, ukifika wakati wako nitarudi nikuzike mimi.

Akaondoka bado mdogo kabisa, akaizunguka India kwa miguu, akaandika fafanuzi za Upanishadi na Gita, maandiko matakatifu ya Kihindu, na makao manne ya watawa, Sringeri, Dwarka, Puri na Jyotirmath, yote yanamtaja yeye kama mwanzilishi. Alichofundisha kinaitwa Advaita, yaani hakuna viwili, nafsi yako na Brahman, ule uhalisi mmoja ulio nyuma ya vitu vyote, ni kitu kimoja na tofauti tunazoziona ni kama kamba ya gizani unayodhani ni nyoka. Wanasema alikufa na miaka 32 tu.

Sasa mtu wa hivyo ungedhani mama kwake ni mtu kama watu wengine. Hapana jamani, alirudi. Ndugu wakamgomea kabisa, mtawa hafanyi mazishi, hakuna hata wa kumsaidia kubeba, akauchoma mwili wa mama yake mwenyewe palepale uani kwao, ndo mazishi ya Kihindu. Pale wanapopaonyesha, ndani ya hekalu, kuna taa ya mafuta inawaka, utambi mdogo kama kidole cha mtoto. Nilisimama pale mpaka miguu ikauma, nikalia, sioni aibu kusema.

Jioni nikamsimulia mama yote. Akauliza, sasa huyo mtoto alivyoondoka, nani alikuwa anamchotea maji?

Nikamwambia wanasema alipokuwa mdogo mama yake alianguka njiani akienda kuoga, mto ulikuwa mbali, mtoto akaomba na mto ukahama ukaja mpaka nyumbani kwao.

Mama akakaa kimya muda. Halafu akasema nimpe dawa zake za saa mbili.