Siku moja maishani mwangu: bi harusi asubuhi, mwani maji yakikauka

Saa 11 alfajiri. Kabla sijapiga mswaki nimeshakagua vitu viwili: upepo na ringi. Upepo nautazama kwenye minazi ya nyuma ya nyumba; imetulia. Ringi ni ule mpira mwembamba unaoziba kasha la kamera ninayopigia picha chini ya maji. Naufuta, naupaka grisi yake, naupitisha vidoleni mbele ya tochi nikitafuta chembe ya mchanga. Mwaka juzi unywele mmoja uliingiza maji, nikapoteza kamera na lenzi yake. Tangu hapo sisemi na mtu mpaka kasha lifungwe.

Saa 1 asubuhi, Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Bwawa la hoteli, wageni bado wamelala. Bi harusi amekuja na gauni, dada zake na woga wake. Watu hudhani kazi hii ni kubonyeza tu, lakini nusu saa ya kwanza kamera siigusi. Tunajifunza kutoa pumzi. Ukizama na kifua kilichojaa hewa utaelea kama kifuu. Ukiitoa kidogo mwili unashuka wenyewe na uso unalegea. Namkataza kabisa kuvuta pumzi za harakaharaka kabla ya kuzama, maana hizo humdanganya mtu asisikie haja ya kupumua mpaka azimie. Mdogo wangu yuko majini kando yake muda wote, na kazi yake ni moja: kumshika bibie, si gauni. Gauni likilowa huwa zito ajabu. Shela ndiyo inayocheza.

Mzamo mmoja sekunde 10, basi. Katika picha mia mbili na ushei, tatu zimekubali. Hizo tatu ndizo kodi ya nyumba.

Saa 3, niko nyuma ya bodaboda, kasha mapajani, naelekea Jambiani. Leo bamvua, maji yanakauka saa 4 na nusu. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na siku hizo maji yakikauka sipokei mteja hata akilipa maradufu. (Nilipokea mara moja. Mama hakunisemesha siku mbili.)

Mama ni mkulima wa mwani tangu kilimo hiki kilipoanza huku, 1989. Mradi wangu mkubwa ni yeye na wenzake: picha nusu juu ya maji, nusu chini. Juu ushungi na jua, chini kamba, mambo, yaani vile vigingi vilivyopigiliwa mchangani, na vidole vinavyofunga mwani. Nataka kuzichapa kwenye vitambaa vya ukubwa wa kanga na kuzitundika kwenye mambo yaleyale, maji yaje yazikute. Nahitaji picha 24. Mwaka wa tatu huu, ninazo 11, kwa sababu kila mama huamua mwenyewe ipi itoke, nao si wepesi wa kuridhika.

Natemea mate kioo cha kuba cha kasha ili matone yasigande, nakisuuza, nalala kifudifudi kwenye maji ya magotini. Kando yangu wanazungumzia kotoni. Kotoni ndiyo aina ya mwani yenye bei, lakini maji yakipata joto inaoza kambani, hivyo wengi wamebaki na spinosamu, aina nyingine ya bei ya chini. Kuna wanaosema tuipeleke kwenye maji ya kina. Sawa, ila nani ataogelea? Mama ana miaka zaidi ya thelathini baharini na hajawahi kuzamisha uso.

Leo kaniuliza bila kuacha kufunga: “Mwanangu, wale wa hoteli unawapiga wamependeza. Sisi mbona miguu tu?”

Sikuwa na jibu. Nikamwambia akikubali kuzama sekunde tano tu nitampiga kama bi harusi, na flashi zote. Wakacheka mpaka kamba zikatikisika.

Saa 7 mchana. Vifaa vyote kwenye ndoo ya maji baridi, chumvi itoke. Swala, wali na mchuzi wa pweza, usingizi wa robo saa. Halafu kompyuta, ambayo sina la kuisimulia.

Saa 9 alasiri. Maji yanajaa, na yanayojaa huwa masafi kuliko yanayotoka. Mteja wa pili, mjamzito, anataka picha na kanga nyekundu. Namwonyesha kwa nini tunabaki karibu na uso wa bahari: rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kumezwa na maji, na ukifika mita tano kanga yako imekuwa kahawia. Flashi huirudisha ukiwa karibu, lakini mjamzito simshushi mita tano. Tumemaliza kwa dakika 40, ametoka anatetemeka huku anacheka.

Saa 2 usiku. Naandika barua ya kuomba ufadhili wa vitambaa. Sentensi ya kwanza nimeifuta mara sita; nikiandika “wanawake wa mwani” namsikia mama akiuliza miguu ya nani.

Simu inaita. Ni yeye.

“Hiyo miwani yako ya kuzamia,” anasema, “inavaliwa juu ya ushungi au chini yake?”

“Chini, mama.”

“Haya. Kesho maji yanachelewa kidogo, usije mapema ukanikuta sijavaa.”