Migomba yenu

Tangu Jumapili neno moja limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Yenu.

Tulikwenda Bustani ya Mimea ya Missouri, hapa St. Louis, Marekani, kama kila likizo ya majira ya joto, ila safari hii tulikuwa na Mama, ambaye anarudi Lushoto Jumamosi. Jua la huku mnalijua, lile la unyevu linalogandisha nguo mgongoni. Tukakimbilia Climatron, lile kuba kubwa la vioo lililofunguliwa mwaka 1960, mita 21 kwenda juu na ndani halina hata nguzo moja. Mlango ulipofunguka, harufu ya udongo mbichi ikatupokea, nikaona uso wa Mama ukilegea kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege.

Tulipofika kwenye migomba, kitinda mimba wangu akamvuta mkono.

"Bibi, hii ndiyo migomba yenu?"

Mama hata hakusita. Aliminya ganda la shina kwa kidole gumba, kama anavyofanya shambani. "Ndiyo, mjukuu wangu. Lakini wameiachia machipukizi mengi. Shina linabaki na watatu tu: mama, mtoto na mjukuu."

"Mama akishazaa?"

"Anakatwa. Mgomba huzaa mkungu mmoja, basi."

Mtoto akaridhika, akakimbilia bustani ya watoto kwenye maji ya kuchezea. Mimi nimebaki pale pale.

Jumanne nimefaulu mtihani wa uraia, baba watoto kabadilishiwa zamu, na bado nikiosha vyombo nasikia yenu. Hakusema yetu. Nakitazama kile kijiua cha zambarau cha dirishani. Niliwahi kuwaandikia kwamba kwao ni Usambara, na kwamba mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani. Sasa kinauzwa supamaketi, na wengi wanaokinunua hawajui kilikotoka. Nikawaza kwamba hata hiki mwanangu atakiita ua lenu.

Jana usiku nikashindwa kunyamaza. Mama alikuwa anakunja kanga zake.

"Mama, ulisikia alivyokuuliza kule kwenye migomba?"

"Nilisikia."

"Alisema yenu. Kana kwamba yeye si wa huko."

"Kwani yeye ni wa huko?" Akaweka kanga chini. "Kazaliwa hapa, ukanipigia simu usiku wa manane ukilia. Wewe umeshika neno moja. Mimi nilipanda ndege nikiogopa kwamba nitahitaji mkalimani kwa mjukuu wangu mwenyewe. Kaniita Bibi, kaniuliza kwa Kiswahili. Unataka nini tena?"

Sikuwa na jibu. Nikamsaidia kukunja.

Nikiwa kitandani ndipo yakanirudia mabwawa ya mbele ya Climatron, ambayo wiki nzima sikuyakumbuka kabisa. Yale mayungiyungi makubwa, majani yake kama sinia zilizokunjwa ukingo, na upande wa chini yana miiba mitupu. Mtoto alilala kifudifudi ukingoni, bibi yake kamshika gauni asitumbukie. Nikawaeleza kwamba ua lake huchanua usiku, usiku wa kwanza jeupe, wa pili limegeuka rangi ya waridi. Akainua kichwa: "Bibi, tutarudi lini tulione likigeuka?"

Mama akasema, "Ukinialika, nitakuja."

Nimeamka nikiwa mwepesi kidogo. Nimewapikia ndizi na nazi. Mtoto kala sahani mbili, bibi yake kamuongezea ya tatu.

Ila kiyoyozi cha chumba cha watoto kinadondosha maji tangu alfajiri. Nimekinga beseni, limeshajaa mara mbili, na fundi anasema hawezi kufika kabla ya Alhamisi.