Kiu ya Mwezi wa Tano

Njombe baridi ikishaanza, Mei kwenda Juni, hakuna anayetamani maji ya ndoo. Watu ni chai tu. Mdogo wangu, wakati huo, mwaka 2014, akiwa darasa la tano, alikuwa anaamka usiku, anapapasa kata gizani na kunywa mpaka unamsikia koo likigonga. Kisha anatoka kukojoa. Hata hujapata usingizi sawasawa, anarudi tena kwenye ndoo.

Kukojoa hakukumshtua mtu. Kwa baridi ya kwetu nani hakojoi? Mama alisema kibofu kimepigwa baridi, akamvalisha soksi mbili mbili. Hata alipoanza kulowesha kitanda, jambo aliloliacha kabla hajaanza shule, maelezo yalikuwa yale yale. Mtoto mwenyewe aliona haya, akawa anafua shuka alfajiri kabla hatujaamka.

Bibi ndiye aliyeona sisimizi. Mdogo wangu alikuwa anaogopa kwenda chooni usiku, anamalizia nyuma ya banda la kuku. Jua lilipopanda, bibi akakuta pale chini sisimizi wamejaa duara zima la udongo uliolowa, wengine bado wanakuja kwa mstari kutoka kwenye ua wa mianzi. Akamwita mama aje aone.

"Huyu mtoto ana sukari," akasema.

Baba akacheka. Sukari ni ya watu wazima wenye vitambi, mtoto wa miaka 11 aitoe wapi? Tena mtoto mwenyewe alikuwa amekonda. Alikula kutuzidi wote, lakini kaptula ya shule ilishikiliwa na kamba ya katani.

Alipoanza kutapika na kulalamika tumbo, tukampeleka zahanati. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, wakasema basi ni taifodi, wakatupa vidonge na kushauri anywe soda apate nguvu. Baba alinunua mbili. Akazimaliza zote hapo hapo, na kwa kiu aliyokuwa nayo angemaliza kreti.

Kesho yake alikuwa amelala chali, anahema kwa nguvu na kwa kina, kama mtu aliyepanda mlima na mzigo. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi. Jirani aliyekuja kutusaidia kumbeba akainama, akanusa, akamtazama baba: "Mmempa ulanzi?" Pombe hiyo ya mianzi, ya mwisho wa msimu, ilikuwa bado ipo majumbani, swali halikuwa la ajabu.

Hospitalini nesi alinusa pia, ila hakuuliza habari za ulanzi. Alimtoboa kidole palepale, akaweka tone la damu kwenye kipima sukari. Kikaandika HI, yaani sukari imepita mwisho wa namba ambazo mashine inaweza kusoma. Wakamwekea dripu, wakaanza insulini.

Jioni, mtoto ameanza kutulia, nesi alikaa na sisi kwenye benchi. Alisema hiyo ni aina ya kwanza ya kisukari: kinga ya mwili imegeuka na kushambulia sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Bila insulini sukari inajazana kwenye damu lakini haiingii kwenye seli za mwili kufanya kazi. Mwili unaona njaa, unachoma mafuta, na mafuta hayo yanaacha ketoni, ambazo ni asidi. Ndizo tulizokuwa tunazinusa. Mama akauliza kama ni chai yake, maana yeye huitia sukari ya kutosha. Nesi akasema hapana, mama, hata ungemnyima sukari tangu azaliwe, hii ingekuja. Hapo ndipo mama alipolia.

Bibi alikuwa kimya muda wote. Mara akavua kandambili: "Na mimi nipimeni." Kwenye kidole gumba alikuwa na kidonda cha kuungua jikoni ambacho hakikuwa kimepona tangu mavuno ya mahindi ya mwaka uliopita, naye akasema hata kilipoungua hakusikia kitu, nyayo zina ganzi. Asubuhi kabla ya kula alikutwa na sukari ya milimoli 14 kwa lita, wakati ikifika 7 tu tayari ni kisukari. Yake ilikuwa aina ya pili: insulini ipo, ila mwili hauitikii ipasavyo, na mtu anaweza kukaa nayo miaka bila kujua. Shangazi, aliyekuwa mjamzito, naye akaambiwa ipo inayokuja na mimba, asikose kipimo kati ya wiki ya 24 na 28.

Bibi hakupenda mgawanyo ule. Kwa nini yeye mtu mzima apewe vidonge na mtoto ndiye achomwe sindano maisha yake yote? Nesi alimweleza tena taratibu, kongosho la mtoto halitoi kitu, la kwake bado linajitahidi. Akakubali, wakahamia kwenye chakula, na hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipoanza. Sukari kwenye chai aliiachia bila maneno. Viazi alikataa katakata kuvipunguza. Walianzia sahani nzima, wakapatana vitatu, na tulipokuwa tunaaga akauliza kama kiazi kikubwa na kidogo vyote vinahesabiwa kimoja.