Kalenda ya babu na bethdei ya shangazi

Juzi nilikuwa Tabora kwa shangazi, tunatafuta cheti chake cha ubatizo maana karatasi zake zote zinasema kazaliwa 1958 basi, tarehe hamna. Tukavuta uvunguni lile sanduku la bati la marehemu babu, harufu ya dawa ya nondo imejaa chumba kizima, na chini kabisa, chini ya vitenge, kumetandikwa magazeti ya Kiongozi.

Kiongozi hii ya Wakatoliki ilianzia hapahapa Tabora 1950 (msiichanganye na ile Kiongozi ya Tanga enzi za Mjerumani, ile ilikuwa ya serikali). Mashine ya kuchapa ya misheni iko Kipalapala, TMP (Tanganyika Mission Press), sio mbali na mjini, kwahiyo kwa wazee wa huku gazeti halikuwa kitu cha kusubiri kitoke pwani.

Watu wanapenda kusema magazeti ya misheni yalikuwa mahubiri tu, mi nabisha. Msimulizi, gazeti la Waanglikana wa misheni ya UMCA kule Zanzibar, tangu 1888 huko, ilikuwa inabeba habari za vituo vya misheni walizoandika walimu na wanafunzi wenyewe, umbea wa heshima tu yaani.

Ila gazeti likishasomwa linafungia karanga. Kalenda ndo inakaa ukutani mwaka mzima, na kwa babu hata mwaka ukiisha haikutupwa. Tulikuta kadhaa zimekunjwa humohumo. Sikukuu kwa wino mwekundu, majina ya watakatifu kila siku, halafu babu na penseli yake: mvua imeanza, ng'ombe kazaa, fulani anadaiwa debe moja la mahindi (nadhani hakulipwa, maana hajafuta).

Shangazi anaitwa Epifania, kwahiyo wote tulishakubaliana kazaliwa tarehe 6 Januari, sikukuu yenyewe ya Epifania. Tunafungua kalenda ya 1958, Januari, tarehe 6 kuna msalaba mdogo na neno "ubatizo". Tarehe 4, Jumamosi: "mtoto kike, mvua kubwa".

Kimya. Nikamwambia shangazi, basi tuandike tarehe nne. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Tarehe nne nilikuwa sina hata jina. Andika sita."

Nikaandika sita. Kalenda akainyang'anya mkononi kwangu, akaikunja, akairudisha chini ya vitenge.