Shanti ikiziba, tazama macho ya mtoto

Mtoto mwenye kichwa maji aliyewekewa shanti, yaani mrija wa kutoa maji ya ziada kichwani, akianza kutapika asubuhi, kuumwa kichwa na kusinzia ovyo, wengi hukimbilia kupima malaria. Pimeni, lakini mtazameni macho yake pia.

Shika kitu anachokipenda kama sentimita 40 mbele ya uso wake, kipandishe taratibu huku mwenzako akimshika kichwa kisiinuke. Macho yakigoma kupanda, au yakabaki yameelekea chini na weupe ukaonekana juu ya mboni, huenda maji yanakandamiza sehemu ya nyuma ya ubongo wa kati, ambako mwendo wa macho kwenda juu hutawaliwa. Hayo ndiyo macho ya jua kuzama. Kichanga mzima anaweza kuyaonyesha kwa muda mfupi tu. Yanayodumu ndiyo ya hatari.

Dalili nyingine ni makengeza mapya, jicho likivutwa kuelekea puani. Neva ya sita, inayolivuta jicho kwenda nje, hupita njia ndefu chini ya ubongo, hivyo presha ndani ya kichwa ikipanda huathirika kwa urahisi. Mtoto mkubwa atasema anaona viwili viwili, na akifunika jicho moja anaona kimoja. Mdogo hugeuza kichwa upande au hufumba jicho moja. Watoto hawa wengi wana makengeza tangu zamani, kwa hiyo kinachotafutwa ni badiliko. Mrekodi kwa simu angali mzima, akitazama juu, chini, kulia na kushoto. Video hiyo itamsaidia sana daktari.

Daktari wa macho akikuta neva ya kuonea imevimba nyuma ya jicho, ni dharura. Asipokuta uvimbe, msitulie bado: kwa kichanga ambaye utosi haujafunga unaweza usitokee, na neva iliyokwisha kusinyaa haivimbi tena. Hata CT skani hudanganya, kwani kwa baadhi ya watoto vyumba vya maji ndani ya ubongo havitanuki japo shanti imeziba. Nendeni na picha za zamani zilinganishwe.

Akisema macho yanaingia giza kwa sekunde chache anapoinama au kusimama, neva ya kuonea iko hatarini na upofu unaweza kufuata. Msisubiri kliniki ya wiki ijayo. Nendeni usiku huohuo kwenye hospitali yenye wapasuaji wa ubongo. Kwa Dar es Salaam ni MOI, taasisi ya mifupa na upasuaji wa ubongo iliyoko Muhimbili. Mkifika, taja aina ya shanti, lini iliwekwa na lini ilibadilishwa, na saa mtoto alipokula mara ya mwisho, maana dawa ya usingizi inategemea hilo.