Mti wa ukoo wa Oduduwa: shina limekubali, orodha ya watoto imeahirishwa

Hatimaye mchoro wa ukoo wa Oduduwa, babu wa asili wa wafalme wa Wayoruba, umetoka, na sijamfuta baba hata mmoja!

Matawi ya chini hayakuwa na shida. Oranmiyan, mwana au mjukuu wa Oduduwa, anamzaa Eweka kule Benin, anawazaa Ajaka na Sango wa Oyo, basi. Kilichonikosesha usingizi ni shina. Kila mji una baba wake wa kumpa Oduduwa. Kwa watu wa mji wa Ife hana baba wa kuandika: alishuka na mnyororo kutoka mbinguni, ana mchanga na jogoo wa vidole vitano, mungu Obatala akiwa amelala kwa pombe ya mchikichi. Samuel Johnson, mwanahistoria Myoruba, katika historia yake iliyochapishwa 1921, anampa Lamurudu, mfalme wa Makka. Na Benin wanasema huyo ni mtoto wao, Ekaladerhan, mwana aliyefukuzwa wa Ogiso (yaani mfalme) Owodo.

Haya, ukishuka kwa Oranmiyan mambo ni yale yale. Ogun, mungu wa chuma na vita, aliteka mwanamke vitani akalala naye, kisha Oduduwa naye akamchukua, na mtoto akazaliwa nusu mweusi nusu mweupe, kila baba na upande wake. Johnson kwa upande wake anamchomeka Okanbi katikati, hivyo Oduduwa anakuwa babu. Sasa mpelekee hayo mtu wa programu za ukoo! Zote nilizojaribu zina kisanduku kimoja cha baba mzazi, na ukilazimisha wa pili zinakuandikia "baba mlezi". Ogun, baba mlezi! Programu hizi zimetengenezwa kwa ajili ya vyeti vya kuzaliwa. Mapokeo ya kifalme haziyawezi, na sitaki tena kusikia mtu akinishauri nilipie toleo kubwa.

Nimehamia Graphviz, programu ya kuchora michoro ya mishale. Unaandika mistari ya maandishi, nani anaelekea kwa nani, yenyewe inachora na haikuulizi maswali ya ndoa. Mishale nimeitofautisha kwa rangi: bluu Ife, kahawia Johnson, nyekundu Benin. Kikwazo kilichobaki ni Ogun, ambaye alikuwa akishuka hadi safu ya Okanbi, chini ya Oduduwa, akaonekana kama mwanawe. (Wapo wanaosimulia hivyo, ila si mshale niliouchora mimi.) Nikawafunga Ogun na Oduduwa kwa rank=same, amri ya kuweka vitu safu moja, wakakaa bega kwa bega. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Kilichofuata kwenye mpango ni orodha ndefu ya watoto 16 wa Oduduwa, kisha kuchapa kwenye karatasi kubwa. Lakini nikiwa narudia Johnson kuhakiki wajukuu saba anaompa Oduduwa, nimekwama kwenye urithi. Benin walipata fedha, Ila wakapata wake, Sabe ng'ombe, Popo shanga, Owu mavazi, Ketu mataji. Oranmiyan, wa mwisho, aliachiwa ardhi tupu, na wote hao wakajikuta wanaishi kwenye ardhi yake!

Huo ni mchoro mwingine kabisa. Mshale hausemi nani kamzaa nani, unasema nani kapokea nini, na ugomvi wa baba hauingii hata kidogo. Faili jipya nimeshalifungua. Kazi ya kwanza ni majina: Ketu na Sabe leo wako Jamhuri ya Benin, na ufalme wa Benin uko Nigeria, kwa hiyo neno "Benin" peke yake halitakaa kwenye kisanduku chochote.